Wa Kati Anakaa Wapi?

Karibu tukae kitako, msikilizaji, maana mazungumzo ya leo ni ya kukaa: nani anakaa wapi ndani ya gari la familia, na ni nani aliyempangia.

Nianze na shangazi yangu. Mwaka juzi tulitoka Dar es Salaam kwenda Tanga harusini, watu saba ndani ya gari dogo lenye safu tatu za viti. Mbele mjomba akiendesha, na kaka yangu ubavuni mwake. Safu ya kati mama, mke wangu na mimi. Nyuma kabisa, kwenye vile viti viwili vinavyokunjwa, shangazi na binti yangu. Hakuna aliyempeleka shangazi kule. Alipanda mwenyewe kabla hatujasema neno, kwa kuwa ndiye mwembamba, na ndiye mtu ambaye maisha yake yote hakutaka kumsumbua mtu.

Tumepita Chalinze, tumekata kulia kushika njia ya Segera, mjomba akaanza kisa cha jirani yake na mbuzi. Tulicheka mpaka kaka akajifuta machozi. Kicheko kilipotulia ikatoka sauti nyuma: "Jamani, mnacheka nini huko?" Mama akageuza shingo akamrudia kisa chote. Kisa cha kurudiwa hakina ladha, wewe mwenyewe unajua. Shangazi akaitikia, "Ahaa," akageukia dirishani. Mtoto alikuwa amelala tangu Kibaha, kwa hiyo hata wa kuzungumza naye hakuwepo. Kabla hatujafika Segera aliuliza mara tatu, kisha akaacha kuuliza.

Tulipofika Tanga, ili yeye ashuke ilibidi sisi wa kati tushuke kwanza, kiti kikunjwe, naye atoke kinyumenyume, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine umeshika kanga isimwanguke, mguu ukitafuta ardhi. Mwanamke wa miaka sitini na nane. Nikamshika kiwiko. Akaniambia, "Ahsante baba, nimefika salama." Baadaye, gari likiwa limesimama kivulini, nilirudi nikapima kwa mkono: kutoka pale kisogo chake kilipokuwa hadi kioo cha mlango wa nyuma ni shubiri moja.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama magari kwa macho ya shangazi. Ndipo nikalikumbuka gari moja la Italia ambalo watu wengi wamelicheka, na mimi pia nilipoliona pichani mara ya kwanza nililicheka. Leo nalitetea. Linaitwa Fiat Multipla.

Lifikirie hivi. Gari lina safu mbili tu za viti, mbele na nyuma, kama gari lolote la kawaida. Ila mbele hawakai wawili, wanakaa watatu. Nyuma watatu. Viti sita, kila kiti kinajitegemea, kila kimoja kina upana wake kamili na mgongo wake. Hakuna yule wa kati wa kubanwa juu ya kinundu cha sakafu, magoti yamekutana na kidevu. Na hakuna safu ya tatu.

Sasa nikupe vipimo, kwa kuwa hoja yangu yote imo humo. Multipla hiyo ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1998. Urefu wake ni mita 3.99, haifiki hata mita nne. Upana wake ni mita 1.87. Unaijua Toyota Sienta, zile za mwanzo zilizotoka mwaka 2003, zimejaa Dar es Salaam na Nairobi. Sienta ile ina urefu wa mita 4.10 na upana wa mita 1.695. Maana yake Multipla ni fupi kuliko Sienta kwa sentimita kama kumi na moja, lakini ni pana kuliko Sienta kwa sentimita kumi na saba na nusu. Hizo sentimita kumi na saba na nusu ndizo zilizomtoa mtu nyuma kabisa, zikamleta mbele kwa wenzake. Na baada ya watu sita kukaa, buti linabaki na nafasi ya lita 430, ambayo ni mabegi ya familia nzima na zawadi za harusi juu yake.

Sitaki udhani kwamba kukaa watatu mbele ni uzushi wa juzi. Sisi tunaokwenda na daladala tunakujua vizuri. Katika Hiace, zile tulizozoea kuziita vipanya, dereva yuko kulia na abiria wawili kushoto kwake, na yule wa kati anasikia joto la injini likipanda chini ya kiti. Kwenye pikapu vilevile, ila huko wa kati anashindana na gia: dereva akivuta namba mbili au namba nne, goti sharti lipishe. Na waliokuwepo enzi za Peugeot 404 watanikumbusha kwamba gia yake ilikuwa juu, kwenye shingo ya usukani, mkono wa dereva ukienda pale kama anayekoroga chai. Hiyo ndiyo 404 iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Mwaka 1966 na 1967 iliendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa hapa Tanzania. Wazee wakiitaja gari ile hadi leo sauti hubadilika. Nimeitaja kwa sababu ya ile gia tu. Gia ikiwa juu, sakafu ya mbele inabaki tupu, na penye sakafu tupu mtu anaweza kukaa.

Baadaye gia zikashuka chini, katikati ya viti viwili. Breki ya mkono ikaifuata. Vikaongezwa visanduku, mahali pa kuegemeza kiwiko, tundu la chupa ya maji, tundu la simu. Mahali palipokuwa pa mtu pakawa pa vitu. Hakuna aliyetutangazia. Kizazi kimoja kilipita, na watoto wetu wakakua wakijua kwamba mbele ni pa watu wawili, na wengine wote ni wa nyuma.

Jina hilo la Multipla ni la zamani kuliko gari ninalolieleza. Mwaka 1955 Fiat ilitoa gari dogo liitwalo 600, kazi ya mhandisi Dante Giacosa. Injini yake ilikuwa nyuma, ya ujazo wa sentimita za ujazo 633, ndogo kweli kweli. Mwaka uliofuata, 1956, Giacosa akalichukua gari hilohilo akalifanyia jambo ambalo mimi naliona la ujasiri mkubwa. Aliikata ile pua ya mbele, boneti ikatoweka, akamsogeza dereva mbele mpaka akawa amekaa juu ya magurudumu. Kwa urefu wa mita tatu na nusu tu akapata safu tatu na nafasi ya watu sita. Tairi la akiba halikuwa na pa kwenda, likasimamishwa ndani ya gari, mbele ya miguu ya abiria. Hiyo ndiyo 600 Multipla.

Ilikuwa Italia ya baada ya vita. Familia zina watoto wengi na fedha kidogo, watu wanatoka vijijini kuhamia miji ya viwanda, na fundi anataka gari moja limpeleke kazini na vifaa vyake Jumatatu, limpeleke kanisani na watoto Jumapili. Viti vya nyuma vilikunjwa vikalala chini, mahali pakawa tambarare kwa mizigo. Madereva wa teksi waliipenda mno. Teksi za Italia wakati ule zilipakwa rangi ya kijani na nyeusi, na Multipla za teksi ziliondolewa kiti cha abiria kando ya dereva, pakawekwa mizigo. Ukitazama filamu au picha za Roma za miaka ile utaziona zimepanga mstari mbele ya stesheni.

Lakini ile ya 1956, pamoja na sifa zake, bado ilikuwa na safu ya tatu. Jambo ninalolipenda katika hadithi hii ni kwamba Giacosa huyohuyo ndiye aliyefungua njia ya kuiondoa, tena pasipo kukusudia. Mwaka 1964 kundi lake lilitoa gari liitwalo Autobianchi Primula. Humo injini ililazwa mbele kwa upande, na giaboksi ikaungwa kwenye ncha yake, vikae mstari mmoja, nguvu iende moja kwa moja kwenye magurudumu ya mbele. Mpango huo ndio uliokuja kuenea dunia nzima. Fungua boneti ya Sienta, fungua ya IST, fungua ya Vitz, utakuta injini imelazwa vivyo hivyo. Faida yake kwa abiria ni kwamba hakuna tena propela inayopita chini kwa chini kupeleka nguvu nyuma, kwa hiyo sakafu inaweza kuwa bapa kutoka mlango hadi mlango.

Sakafu bapa ikiwepo, kinachobaki ni uamuzi. Uamuzi huo ulifanywa Turin miaka ya tisini, na aliyeichora Multipla ile ya 1998 ni Roberto Giolito, mtu yuleyule aliyekuja kushiriki uchoraji wa Fiat 500 mpya ya mwaka 2007, ile inayopendwa na kila mtu. Wenzake wakati ule, kote Ulaya, walikuwa wanajibu swali la familia kubwa kwa kurefusha: ongeza safu, ongeza mita. Timu ya Multipla ikajibu kwa kutanua. Gia ikapandishwa kwenye dashibodi. Vioo vikateremshwa mpaka mtoto aliyekaa aone barabara. Kiti cha kati cha mbele, kisipokuwa na mtu, mgongo wake hulala ukawa meza. Bodi lenyewe lilijengwa juu ya fremu ya vyuma vilivyounganishwa kama kiunzi cha nyumba, njia iliyopunguza gharama za mitambo ya kukandamizia mabati, kwa kuwa Fiat ilijua hili si gari la kuuzwa kwa mamilioni.

Na sura yake? Hapa ndipo watu walipocheka. Chini ya kioo cha mbele kuna tuta, kama mkunjo wa tumbo juu ya mshipi, na katika tuta hilo kuna jozi ya taa ndogo, mbali na zile taa za kawaida za chini. Macho manne. Sehemu ya juu yenye vioo imesimama kama imebandikwa juu ya gari jingine. Magazeti ya Ulaya yaliliweka kwenye orodha za magari yenye sura mbaya kupita yote, na hadi leo liko humo. Wakati huohuo, mwaka 1999, Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York lilionyesha Multipla katika maonyesho ya magari ya karne inayokuja, na gazeti la magari la Top Gear la Uingereza lililitunuku kuwa gari bora la familia zaidi ya mara moja. Waliolitunuku walikuwa wamekaa ndani.

Mimi nadhani tuta lile lina ukweli wake. Kabati likiwa pana na fupi huwezi kulifanya liwe jembamba na refu kwa kulipaka rangi. Giolito hakuficha kilichomo. Mwaka 2004 kampuni ilisalimu amri, ikaliondoa tuta, ikalipa gari uso wa kawaida, likarefuka kidogo. Liliendelea hivyo hadi 2010. Mauzo hayakuokolewa na uso ule, na wapenzi wake wa kweli hadi leo wanatafuta zile za macho manne.

Ukiniuliza kama Multipla ni gari la kwetu nitakwambia hapana. Sijapata kuiona ikipita Morogoro Road, na siwezi kukushauri ukaitafute. Lakini lina ndugu yake wa Japani, na huyo nimempanda.

Nissan walijaribu kidogo mwaka 1998 kwa gari liitwalo Tino, ambalo Japani liliuzwa na viti vitatu mbele. Kisha Honda, mwaka 2004, wakatoa Edix. Jina lenyewe waliliunda kwa kuunganisha neno la Kiingereza la kuhariri na neno la Kiingereza la sita: viti sita unavyoweza kuvipanga utakavyo. Ulaya iliitwa FR-V. Honda walikabili tatizo moja ambalo Waitalia walilimaliza kwa upana mtupu: mabega.

Jaribu leo jioni. Kaa barazani na watu wazima wawili, ubavu kwa ubavu. Nyonga zinatosha, miguu inatosha, lakini mabega yanagombana. Binti yangu alinipima kwa futikamba ya fundi cherehani, akapata sentimita 47 kutoka bega hadi bega. Watu watatu kama mimi ni sentimita 141, kabla hujaweka mkono hata mmoja kwenye usukani. Edix ina upana wa mita 1.795 kwa nje, na ukitoa unene wa milango miwili huna ziada ya kuchezea. Honda wakafanya wanachofanya watu wa baraza siku zote bila kufundishwa. Wakimbana mtu wa kati, yeye hujivuta nyuma kidogo, akaegemea ukuta, na wawili wa pembeni wakasogea mbele. Kiti cha kati cha mbele katika Edix kinateleza kurudi nyuma hadi sentimita 27, na cha kati cha nyuma sentimita 17. Mabega ya wa kati yanakaa nyuma ya mabega ya wenzake. Ukitazama kutoka juu, viti vimepangwa kama herufi V.

Kuna faida nyingine humo, na kwa mzazi ni kubwa kuliko ya mabega. Mtoto hapaswi kukaa karibu na dashibodi, mahali mfuko wa hewa wa usalama unapoweza kufyatuka. Kiti kikirudishwa nyuma kiasi hicho, aliyekaa hapo anakuwa mbali na dashibodi kuliko abiria yeyote wa mbele. Hata hivyo nasema wazi, kama mzazi kwa mzazi: mtoto mdogo mwache nyuma, mfunge mkanda, na kile kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma usikiweke kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Upangaji wa viti hauondoi hilo.

Sasa utaniuliza, kama jambo ni zuri hivyo, mbona magari yetu yote ya familia yana safu tatu? Sienta, Wish, Noah, Isis, zote zinamweka mtu kule nyuma. Jibu halitoki Dar es Salaam wala Mombasa. Magari mengi tunayoendesha yalizaliwa kwa ajili ya barabara za Japani, na Japani magari hugawanywa kwa vipimo. Kundi la magari madogo ya kawaida, yale ambayo namba zake huanzia tano, mwisho wake ni urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,000. Ukivuka kimoja tu, gari linahamia kundi la juu. Kwa miaka mingi kuvuka kulimaanisha kodi kubwa zaidi, na hata sheria za kodi zilipobadilika, vichochoro na maegesho ya miji ya Japani hayakubadilika. Ndiyo maana Sienta ina mita 1.695, na Noah za miaka ile mita 1.695. Si bahati. Mhandisi amesogea mpaka nusu sentimita ya mwisho, akasimama.

Akisimama hapo kwa upana, bado ana urefu mwingi wa kutumia. Basi akitaka kuongeza abiria anaongeza safu. Kwa Sienta walifanya kazi nzuri sana, safu ya tatu inakunjwa na kuingia chini ya safu ya pili, kama droo. Siibezi. Lakini kipimo cha barabara ya mtaani huko Japani ndicho kilichoamua kwamba shangazi yangu, njiani kwenda Tanga, asisikie kisa cha mbuzi. Nilipolijua hilo nilikaa kimya kwa muda.

Edix, kwa mita yake 1.795, ilivuka mstari ule. Japani haikuuzwa sana, na mwaka 2009 ikakoma. Multipla ikaifuata mwaka uliokuja. Ulaya nako watu walikuwa wamehamia kwenye magari marefu ya kwenda juu, yenye sura ya kupanda milima, na hadi leo wako huko. Katika magari hayo katikati ya viti vya mbele pamejengwa ukuta mpana kuliko mtu, umejaa vitufe.

Upana una gharama yake, nami siifichi. Gari lenye mita 1.87 linapata taabu katika vichochoro, liwe Napoli au liwe Tanga kwenye zile barabara za zamani zenye nyumba za baraza pande zote. Geti lililojengwa kwa ajili ya gari jembamba litakukwaruzia vioo vya pembeni. Kwenye maegesho ya duka utafungua mlango nusu. Na wa kati mbele lazima awe mtu mtulivu. Dereva anahitaji nafasi ya mkono wake wa kushoto, na mtoto mtundu hapo ni hatari kwa wote. Aliye na watoto wanne na bibi nyumbani, jumla yao na wazazi wanakuwa saba, naye viti sita havimfai hata viwe vizuri vipi. Kwa huyo, Noah ni jibu halali.

Lakini familia ya watu sita? Nani kati yetu amewahi kuulizwa kama anataka sita wakae wawili-wawili-wawili au watatu-watatu? Tunaingia yadi, tunauliza injini ni ya ngapi, imetembea kilomita ngapi, inakula mafuta kiasi gani. Tunapiga teke tairi. Sijaona mtu aliyekwenda yadi na mama yake mzazi, akamfungulia mlango wa nyuma akamwambia, mama, hebu ingia kule mwisho, ukae, kisha utoke, halafu uniambie. Wala sijaona aliyekaa mwenyewe kwenye safu ya tatu dakika kumi huku mwenzake akizungumza kwa sauti ya kawaida mbele, asikie anachosikia. Fanya hivyo, msikilizaji. Hakuna muuzaji atakayekukatalia. Na ukibakia na gari la safu tatu, kama wengi wetu tutakavyobaki nalo, basi safari ijayo kijana apande nyuma, mzee akae katikati ya watu.

Nimalizie na safari ya pili. Shemeji yangu, mume wa dada, alinunua Edix ya rangi ya fedha kwa mtu, gari la umri mkubwa, kitambaa cha viti kimefifia. Desemba tukaenda Tanga tena, safari hii sita. Shemeji kwenye usukani, dada kushoto kabisa, na shangazi kati yao. Nyuma mama, binti yangu katikati, na mimi. Alipotaka kupanda aliuliza kwa mazoea yake, "Mimi nyuma, eeh?" Dada akampigapiga kiti cha kati, akamwambia, "Hapa, shangazi." Akapanda kwa mlango wa mbele, akasogea, akakaa, akatafuta mkanda. Mwanzo alikaa wima kama mgeni, mikono mapajani, akichunga asimguse dereva.

Kibaha hajasema kitu. Mlandizi akaanza kuonyesha: pale palikuwa na mwembe, pale basi letu liliharibika mwaka fulani tukalala. Alikuwa anaiona barabara yote mbele yake, na kumbukumbu zilikuwa zinamjia kutoka barabarani. Chalinze tukakata kulia. Baada ya Msata akaanza kisa, kirefu, cha baba yangu akiwa kijana na baiskeli ya kuazima, kisa ambacho mimi mwanawe sikuwahi kukisikia. Mama nyuma alikuwa anamsahihisha majina ya watu, naye anabisha bila kugeuza shingo. Binti yangu aliegemea mbele kati ya viti mpaka mkanda ukamvuta, asipitwe na neno.

Segera tukasimama kununua maji. Gari limezimwa, milango iko wazi, upepo unapita. Shangazi akamwuliza shemeji, "Hiki kiti kinarudi nyuma zaidi?" Shemeji akamwonyesha kile chuma cha chini. Akakivuta, akasukuma kwa miguu, kiti kikateleza taratibu mpaka mwisho wake, akawa karibu sawa na sisi wa nyuma, magoti yetu yanamgusa. Akafungua kitambaa alichokuwa amekipakata tangu Dar es Salaam, ndani kashata za nazi, akaanza kugawa, moja mbele, moja nyuma, moja mbele, huku akiendelea na kisa cha baiskeli pale alipokiachia.